Kipimo cha Kujaa: Barua kwa Vijana Wetu wa Ushirika wa Alhamisi

Wanangu,

Nawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo.

Alhamisi iliyopita mmoja wenu aliuliza swali, na kwa kuwa saa zilikuwa zimekwenda, kiongozi akalifunika kwa wimbo. Swali lenyewe lilikuwa hili: kama Masihi alishakuja, mbona mambo yangali yale yale? Kodi ya nyumba inapanda. Mvua za 2024 zilisomba nyumba za watu Mathare. Juni 25 ya mwaka huohuo vijana wa rika lenu waliingia barabarani mchana kuandamana, na si wote waliorudi kwao jioni. Na sisi kila Jumapili tunasimama kukiri kwamba Mfalme amekwisha kuja. Wengine mlimcheka aliyeuliza, mkamwona ameanza kupoa. Mimi nilikuwa nimekaa kule nyuma na akina mama wenzangu, nikaona hilo ndilo swali la maana kuliko yote niliyoyasikia mwaka huu, na sikutaka lilale. Naandika ili hata nyinyi ambao saa ya ushirika huwakuta bado sokoni mpate kulisoma mkiwa kwenye matatu.

Mwulizaji ana mwenziwe, tena mkubwa. Yohana Mbatizaji, yule aliyembatiza Yesu kwa mikono yake Yordani na kumwonyesha kwa watu kwa kidole, alifungwa na Herode, na huko gerezani akawatuma wanafunzi wake wakaulize: Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine? Yesu hakumkemea. Aliwaambia wajumbe warudi wakaseme walichokiona: vipofu wanaona, viwete wanatembea, wakoma wanatakaswa, maskini wanahubiriwa habari njema. Sasa tazameni asichokisema. Hakuahidi kwamba Herode ataanguka wiki ijayo. Hakusema Yohana atafunguliwa. Na kweli hakufunguliwa. Kichwa chake kililetwa kwenye sinia katikati ya karamu. Kwa hiyo anayewahubiria kwamba ukimpokea Masihi basi milango yote itafunguka, mwambieni aanze kuwaeleza habari za Yohana.

Wayahudi walikuwa na sababu ya kumngoja. Mungu alimwahidi Daudi, kwa kinywa cha nabii Nathani, kwamba kiti chake cha enzi kitadumu. Halafu zikapita karne, nchi ikatawaliwa na huyu na yule, mpaka Warumi wakaja na ushuru wao na askari wao. Katika hali hiyo mtu yeyote mwenye sauti kubwa hupata wafuasi. Kitabu cha Matendo kinamtaja Theuda na watu wake kama 400, kisha Yuda Mgalilaya; wote wawili waliuawa, wafuasi wakatawanyika. Hata baada ya Yesu, mwaka 132 aliinuka Bar Kokhba, na Rabi Akiva, mwalimu aliyeheshimiwa kuliko wengi wa wakati wake, akasema huyu ndiye. Kufikia 135 Warumi walikuwa wamekwisha kuwaponda. Watu hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka, na mtu aliyechoka humtaka mfalme wa kumfanyia kila kitu, upesi.

Ndiyo maana Yesu alipowalisha wale elfu tano, Yohana mwandishi wa Injili anatuambia walitaka kumshika wamfanye mfalme kwa nguvu, naye akajitenga akaenda mlimani peke yake. Hapo huwa nasimama kidogo. Wangapi leo wangekimbia watu wanaotaka kuwapa kiti? Alipoingia Yerusalemu aliingia juu ya punda, kama Zekaria alivyokuwa ameandika. Petro alimkiri kuwa ndiye Kristo, akasifiwa, na kabla maneno hayajakauka akaanza kumkataza habari ya msalaba, akaambiwa nenda nyuma yangu, Shetani. Petro alimjua Masihi ni nani ila hakujua Masihi amekuja kufanya nini. Makanisa yetu mengi ya hapa Nairobi yamesimama papo hapo alipokuwa Petro siku ile: jina tunalo sawasawa, kazi yake hatuitaki.

Msinione nasema haya kutoka vitabuni tu. Desemba 30 mwaka 2002 Uhuru Park ilijaa mpaka watu wakapanda miti. Moi alikuwa anaondoka baada ya miaka 24, na Kibaki aliapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu ya ajali. Nyinyi wengine mlikuwa bado kuzaliwa. Watu walilia kwa furaha, na nasema kweli, tulidhani tumefika. Wiki zile, mwananchi wa kawaida alikuwa akimkamata polisi anayedai hongo na kumwaibisha mbele za watu. Miaka mitano baadaye, baada ya kura za Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchi hii. Kibera na Mathare kukawaka moto. Januari 1, 2008, kule Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia ndani ya kanisa walichomwa humo humo, na waliowasha moto huo baadhi yao bila shaka waliwahi kuimba kwaya mahali fulani.

Sisemi siasa ni chafu, kaeni kando. Hayo ni maneno ya wanaotaka muwe kimya. Mwaka 1988, wakati wa kura ya mlolongo, watu walipopangwa mstari nyuma ya wagombea na mstari mfupi ukatangazwa kuwa mrefu, waliopaza sauti walikuwa watu wa kanisa: Maaskofu Okullu, Gitari na Muge, na Mchungaji Timothy Njoya. Walikuwa na ujasiri ule kwa sababu kiti cha Masihi hakikuwa wazi moyoni mwao. Mwenyewe alikuwa amekikalia, kwa hiyo hakuna rais aliyeweza kukiomba. Mtu anayeamini Kristo ni Mfalme hupiga kura, huandamana akiona haki, humkosoa hata yule aliyempigia kura, na mgombea wake akishindwa hamchukii jirani. Nyinyi mnaowaita wanasiasa wenu mkombozi na mwokozi, hata kwa mzaha, nawaomba muache. Kwa mzaha huo tumezika watu.

Basi amekuja kufanya nini? Isaya alikuwa amesema, katika ile sura ya 53, kwamba mtumishi wa Bwana atajeruhiwa kwa makosa yetu, na kama kondoo apelekwaye machinjoni hatafunua kinywa chake. Masihi wetu alikufa kifo cha watumwa na waasi, chini ya Pontio Pilato, nje ya mji, uchi, akiwaombea msamaha waliompigilia misumari. Siku ya tatu Mungu akamfufua. Hilo ndilo tunaloshikilia, na likiondolewa hatuna kitu. Lakini ona amewashinda adui gani: dhambi na mauti. Hakuanza na Kaisari. Alianza na kile kilicho ndani ya Kaisari na ndani yangu mimi pia, kwa sababu hicho kikiachwa, hata Kaisari akiondoka, atakayeingia mahali pake atakuwa yule yule kwa koti jingine. Sisi wa 2002 tuna ushahidi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Fungueni Luka sura ya tatu. Watu wametoka mijini kumfuata Yohana jangwani, na Luka anasema wote walikuwa wakingoja, wakijiuliza mioyoni kama labda yeye ndiye Kristo. Hawa ni watu ambao roho zao zimejaa habari za Masihi. Wanamwuliza: tufanye nini basi? Ningekuwa mimi ningetegemea awaambie wafunge siku arobaini, au waanze maombi ya usiku. Yohana akawajibu habari za nguo, ushuru na mshahara. Mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru nao: msitoze kitu zaidi ya mlivyoamriwa. Askari nao: msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, tena mtoshewe na mishahara yenu. Njia ya Masihi ilitengenezwa kwa mambo hayo. Hakumwambia mtoza ushuru aache kazi. Alimwambia afanye kazi ileile, bila kuiba.

Haya, tuyalete Nairobi.

Nyinyi wa Gikomba wenye kufungua belo za mitumba alfajiri, habari ya kanzu mbili inawahusu kuliko mtu yeyote duniani, maana mna kanzu mia tatu. Simwambii mtu agawe mtaji wake. Lakini zile nguo za mwisho, zile za fagia ambazo mnamwuzia mnunuzi wa jumla kwa bei ya kutupa, je, hakuna mtoto mtaani kwenu anayekwenda shule bila sweta mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa imefunikwa na baridi? Na shati lenye tundu kwapani lisitundikwe likiwa limekunjwa kwa ndani. Mwonyeshe mteja tundu, kisha mpatane bei. Utapunguza kidogo, na atarudi.

Nyinyi wawili wa matatu, hamkosi kujijua. Mvua ikidondoka tu pale mjini saa kumi na moja jioni, nauli ya Buruburu inapanda kabla hata barabara haijalowa. Mafuta hayajapanda. Gari ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mama mwenye mtoto mgongoni hana pa kujificha, na nyinyi mmeliona hilo. Msitoze kitu zaidi. Najua mwenye gari anataka hesabu yake kila siku, na mvua huleta msongamano, mkapoteza trip mbili. Hilo nalikubali, na yako magari ambayo yakikwama kwa saa tatu Jogoo Road siku imeharibika. Ila tusidanganyane: kuna kupanda kwa kufidia hasara, na kuna kupanda kwa sababu watu wamelowa. Nyinyi mnaojua tofauti ni nyinyi.

Mmoja wenu ni askari wa kaunti. Wenzako hukuita kanjo hata kanisani, nawe hucheka. Kwako sina la kuongeza juu ya Yohana. Mama mboga ukimkuta mahali pasiporuhusiwa, sheria inakupa la kufanya, na kumwaga nyanya zake barabarani halafu kupokea mia mbili ili asipelekwe kortini hakumo. Mtoshewe na mishahara. Najua mshahara wenyewe mara nyingine huchelewa, na hilo ni dhuluma ya wakubwa wako, nao wataulizwa. Usiikusanye kutoka kwa mama mboga.

Nafaka ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu, kwa kuwa nimeuza mahindi na maharagwe maisha yangu yote ya kazi, basi mniwie radhi nikikaa hapa. Gorogoro ni mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia, kila mtu anaujua. Ugonge kitako chake kwa jiwe kiingie ndani kidogo tu, na kila mteja anakuachia punje za kiganja bila kujua. Mwingine hagongi, humimina taratibu ili maharagwe yakae kwa kulala na kuacha mianya, na hachovyi mkebe ndani ya gunia. Mwingine hupima dole gumba likiwa ndani ya mkebe. Kisha mteja anasema, niongeze kidogo. Unachota kiganja kimoja unamtilia kwenye mfuko, anakushukuru, anakuita mama, anakuombea baraka. Kile kiganja kilikuwa chake tangu mwanzo.

Halafu Jumapili mhubiri anasoma Luka 6, wapeni watu nanyi mtapewa, kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwasukwa hata kumwagika, na vikapu vya sadaka vinaanza kupita. Mimi husikia mstari ule na masikio ya sokoni. Bwana alikuwa akiongea lugha ya wauza nafaka! Kushindilia ni kukandamiza kwa kiganja mianya ipotee. Kusukasuka ni kuutikisa mkebe ili punje zikae. Kumwagika ni kile kilele juu kinachodondoka ukiunyanyua. Masihi ambaye alijua namna mama wa sokoni anavyoweza kupima vizuri, bila shaka alijua pia anavyoweza kupima vibaya. Mstari huo huhubiriwa kuhusu bahasha mwaka mzima, na gorogoro haitajwi hata siku moja.

Kuhusu vibarua. Walawi 19 inasema mshahara wake aliyeajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi. Ijumaa moja nikiingia kwenye kesha nilimkuta kijana wa mkokoteni langoni, amekalia ule mti wa kuvutia, kamba bado iko begani. Nikamwuliza anamngoja nani. Akamtaja ndugu yetu mmoja aliyekuwa ndani wakati ule akiongoza maombi. Alikuwa amembebea magunia tangu asubuhi kutoka Marikiti, akaambiwa nitakutumia kwa simu, na simu haikulia. Hesabu yake ilikuwa fupi: akitumiwa kabla ya saa tatu usiku, duka la karibu na kwake litakuwa wazi na atanunua unga. Nikaingia, nikamwita ndugu yule nje katikati ya wimbo. Alilipa, tena kwa aibu, na nampenda kwa hiyo aibu. Kama aliomba vizuri baadaye ni yeye na Mungu wake. Mimi niliomba vizuri sana.

Nanyi mnaoajiri msichana wa kazi nyumbani, mnaojenga na kuita watu wa mjengo, mnaoshonesha: ni hayo hayo.

Jambo jingine ni manabii. Hapo nitasema kwa ukali, mnisamehe. Mji huu umejaa mabango ya watu wenye suti nyeupe, na namba ya kutumia pesa iko chini ya picha. Chupa ndogo ya mafuta ya upako inauzwa bei ambayo ingelisha nyumba siku tatu. Yesu alipowatuma wanafunzi wake wakaponye wagonjwa aliwaambia, mmepata bure, toeni bure. Basi. Sihitaji kuongeza. Kijana akikosa kazi miaka miwili akaambiwa kizuizi chake kitaondoka akipanda mbegu ya elfu tano, huo ni unyang'anyi, na aliyenyang'anywa ni yule ambaye Masihi alisema amekuja kumhubiria habari njema. Wakati mwingine pesa hizo ni za kukopa kwa simu. Halafu mwenzake anaitupa hela ileile kwenye kamari ya mtandaoni, tunamsema huyu na kumsifu yule kwa imani. Wote wawili wanangoja Ijumaa moja itakayobadilisha kila kitu.

Na mwisho wa njia hiyo tuliuona Aprili 2023. Kule Shakahola, Kaunti ya Kilifi, watu walikwenda msituni na watoto wao wakaacha kula, wakiamini kwa njaa hiyo watakutana na Yesu. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Mhubiri wao alifikishwa mahakamani, na mimi si hakimu wake. Lakini wengi wa waliokufa walikuwa na Biblia, na katika Biblia hiyo, Mathayo 24, Bwana alikuwa amekwisha kusema: wakiwaambia yuko jangwani, msitoke. Maneno ni wazi kiasi hicho. Tena Masihi mwenyewe ni mtu wa chakula. Maadui zake walimwita mlafi. Alipomfufua binti Yairo, akiwa bado yumo chumbani, aliagiza mtoto apewe kitu cha kula. Alipofufuka akawatokea wanafunzi, wao wakiwa wameduwaa, aliwauliza kama wana chakula, wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao. Kule ufukoni Galilaya aliwawashia moto wa makaa na kuwapikia asubuhi. Atakayewaambia huyu ndiye anayetaka mtoto afe njaa, mkimbieni. Na mkimbie na huyo mtoto, kisha mpigie polisi na chifu. Kufunga kuna mahali pake, mimi nafunga. Mtoto, mjamzito na mgonjwa hawafungi, na anayefunga hujua atafungua saa ngapi.

Nimeona pia baadhi yenu mkibishana na vijana wa Kiislamu wa Majengo, kwa sauti, pale kando ya barabara, mpaka mapovu. Jirani zetu hao nao humwita Isa Masihi, mwana wa Mariamu, na humheshimu. Hawakubali kwamba alisulubiwa, wala kwamba ni Mwana wa Mungu. Tofauti hiyo si ndogo na sitaki muifiche. Na pale University Way kuna sinagogi, ambako Wayahudi wa Nairobi huomba, nao imani yao bado yamngoja Masihi. Masihi wetu ni Myahudi, mama yake Myahudi, na zaburi tunazoimba ni zao. Anayewatukana hao amemtukana nani? Mkiulizwa tumaini lenu, Petro amesema tujibu kwa upole na hofu. Maneno mawili ya upole kisha ukampimie jirani yako wa Majengo maharagwe yaliyojaa. Ataikumbuka dini yako kwa hilo kwa muda mrefu kuliko hoja zako.

Limebaki moja, na ndilo gumu. Tunakiri kwamba atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu walio hai na wafu. Kwa hiyo aliyeuliza Alhamisi ana haki ya kuona kuwa kazi haijaisha. Haijaisha. Mauti yamepigwa ila bado tunazika. Juzi tu tulikuwa makaburini Lang'ata, na nyinyi ndio mliochanga mpaka bili ya mochari ikalipwa, Mungu awakumbuke. Tunaishi kati ya kuja kwake mara mbili, na hapo kati ni parefu, na wapo wanaochoka. Wathesalonike walichoka kwa namna yao: walisikia Bwana yu karibu, wengine wakaacha kazi, wakawa wanajishughulisha na mambo ya wengine. Paulo, ambaye alimngoja Bwana kuliko wao wote, aliwaandikia kwamba asiyetaka kufanya kazi, asile. Hakusema asiye na kazi. Najua wako kati yenu waliotembeza barua za maombi Industrial Area mpaka soli zikaisha, na hao si wavivu, na ushirika huu una wajibu nao. Nimekwisha kuongea na wawili wenye maduka. Kila mmoja atamchukua mmoja wenu kwa miezi mitatu, na malipo ni ya kila jioni, sio ya nitakutumia.

Kwa Alhamisi hii nimeomba nipewe zile dakika arobaini za mahubiri. Nitakuja na mizani ya saa ya dukani kwangu na gunia dogo la mahindi. Kila anayeuza nafaka aje na gorogoro yake, ileile anayoitumia, asiende kununua mpya njiani, nitaijua. Tutapima moja moja mbele ya wote, yangu kwanza. Yenye kitako kilichobonyea kuna fundi wa Kamukunji ameahidi kuninyooshea bure. Mwenye deni la kibarua alimalize kabla hajaingia, simu mnazo. Mahindi tukishayapima tutayapika githeri, maharagwe nitaleta mimi, na anayeweza kuja na kitunguu na nyanya aje navyo.

Ni mimi mama yenu, mzee wa kanisa,
Eastlands, Nairobi